Kamba ya kurinia asali: panga kushuka kabla hujapanda

Huku kwetu Sikonge, mkoani Tabora, mizinga hutundikwa juu kwa sababu ya nyegere na moto wa kiangazi. Nyegere mti anaupanda vizuri tu, ndiyo maana mzinga tunauning'iniza kwa waya chini ya tawi, mbali na shina, asipate pa kukanyaga. Na mrinaji naye hapati pa kukanyaga. Anafanya kazi mita sita, nane, hata kumi kutoka ardhini, tena usiku, huku nyuki wakitafuta tundu kwenye nguo zake. Kupanda unapanda kwa muda wako. Kushuka unashuka kwa muda wa nyuki. Kwa hiyo vijana wa kikundi chetu nawafundisha kushuka kwanza, na hapa nitafuata mpango huohuo.

Tuanze na kamba, maana hapo ndipo watu wanapofanya ubahili. Ninayoitumia ni ya nailoni, isiyovutika sana, yenye kiini ndani na gamba lililofumwa nje, unene wa milimita 11. Kamba za aina hiyo zenye kibali cha kubeba watu hupimwa kuhimili kilonyutoni 22, yaani zaidi ya tani mbili. Usishangilie. Kila fundo linapunguza nguvu ya kamba, mengine hata theluthi, na gome la mti na cheche za bomba la kupulizia nyuki moshi zinapunguza zaidi. Manila ya plastiki, ile ya bluu ya kufungia mizigo ya lori, inayeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, na jua linaikausha hadi inakuwa unga mkononi. Katani inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Hizo zote ni za kushushia ndoo. Kamba ya mtumba ya kupandia siinunui hata kwa bei ya bure, kwa sababu sijui ilishamwagikiwa nini.

Urefu wake piga hesabu hivi. Kama tawi liko mita 8, unahitaji 8 za kwenda juu, 8 za kurudi chini, na 8 nyingine za akiba zilizolala karibu na shina. Jumla 24, na mafundo yanakula. Chukua mita 30. Wengi wanaiona ile akiba kuwa ni hasara. Ndiyo itakayokushusha.

Utahitaji pia mkanda wenye vitanzi vya mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake ukining'inia nao unabana mbavu na pumzi inakata. Ongeza karabina tatu, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufunga kwa skrubu, kofia ngumu, vitanzi viwili vya kamba nyembamba ya milimita 7, mkanda mfupi wa kuzungushia shina, na chuma cha nane, kile chenye umbo la tarakimu 8, tundu kubwa na dogo.

Mti uchague mchana. Mtundu na muba ukiwa mzima unabeba bila shida, ila zunguka shina lote ukiligonga kwa mgongo wa shoka. Sauti ikiwa ya ngoma, kuna uwazi ndani, tafuta mwingine. Tawi la kupitishia kamba liwe bichi, nene kama paja la mtu mzima, juu ya tawi la mzinga, na kamba ikae karibu na shina. Kumbuka kwamba kamba ikipita juu ya tawi na kufungwa chini kwenye shina, tawi linabeba karibu mara mbili ya uzito wako, kwa sababu pande zote mbili zinalivuta.

Kuipitisha kamba juu, usirushe jiwe. Jaza mchanga kwenye kifuko cha kitambaa, kiasi cha ngumi, kifunge kwenye uzi wa nailoni, rusha, kisha tumia uzi huo kuvutia kamba kubwa. Jiwe linachomoka na kumrudia aliyelirusha.

Sasa kushuka. Funga chuma cha nane kwenye shina, usawa wa kifua cha mwenzako anayebaki chini, pitisha kamba ndani yake, kisha ikaze na kuifungia hapohapo isiteleze, na mkia uufunge tena kwenye shina. Upande wa pili wa kamba, unaoning'inia kutoka tawini, ndio utakaoupanda. Ukizidiwa kule juu, mwenzako anafungua mafundo, anaiachia kamba polepole kupitia chuma, na wewe unashuka pamoja na kamba yenyewe bila kufanya chochote. Hata macho yakiwa yamevimba. Hata ukiwa umezimia, na hilo ndilo kubwa, kwa sababu mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda dakika chache tu zinatosha kumuua.

Lijaribuni tawi kabla ya kupanda. Wawili waning'inie kwenye kamba kwa pamoja, wakiitikisa. Halafu mpandaji apande mita moja tu na mwenzake amshushe. Nimeona kikundi kinachoruka hatua hii kwa sababu jua linazama. Basi warine kesho.

Huyo mwenzako wa chini asichaguliwe kwa undugu. Achaguliwe yule asiyekimbia. Naye avae wavu wa uso na glavu kamili, maana nyuki wakishuka watamkuta yeye kwanza, na akikimbia hakuna wa kukushusha.

Kupanda kwenyewe ni kwa fundo la Prusik, lililopewa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Chukua kamba nyembamba, unganisha ncha zake kwa fundo la wavuvi maradufu ili upate kitanzi. Kiweke nyuma ya kamba kubwa, pitisha upande wenye fundo ndani ya upande wa pili, uzungushe mara tatu, kila mzunguko ukiingia ndani ya uliotangulia, kisha vuta. Itazame mizunguko: ilale sambamba kama vidole vilivyobana fimbo, bila mmoja kumpanda mwenzake. Ikipandana haishiki. Ukiitia uzito inabana. Ukiusukuma mkunjo wa katikati kwa kidole gumba inalegea na kusogea. Ndiyo maana kamba ya kitanzi lazima iwe nyembamba kuliko kamba kubwa. Zikilingana unene, inateleza.

Kitanzi cha juu kinaingia kwenye karabina ya mkanda wako. Cha chini, kirefu zaidi, ni cha miguu. Kaa kwenye mkanda, kunja magoti, sogeza cha miguu juu. Simama, sogeza cha kiunoni juu. Kaa tena. Hakuna haja ya misuli, na anayepanda kwa mikono amechoka kabla hajaufikia mzinga. Kila hatua tano au sita, funga kitanzi cha kamba kubwa chini ya vitanzi vyako na ukikaze kwenye karabina ya pili. Vitanzi vikikataa, hicho kitakudaka. Ukishafika juu kiache hapohapo, maana ukishushwa kinashuka pamoja na kamba; kifungue tu ikibidi ujishushe mwenyewe.

Ukifika, zungusha ule mkanda mfupi kwenye shina ili usiyumbe. Ukiuzungusha, mwambie mwenzako kwa sauti. Kwa sababu siku utakapoita "Shusha!", kazi yako ni moja tu, kuufungua. Ukibaki umefungwa kwenye mti, akiba yote ya kamba haina maana.

Bomba la moshi lisining'inie karibu na kamba. Vijana bado wanapenda kienge cha nyasi kavu, cheche zikidondoka kwenye giza kama mvua. Kwa kamba ya katani ya mababu walau ungenusa inaungua. Nailoni inayeyuka kimya. Taa ya kichwani iwe nyekundu, nyuki hawaioni rangi hiyo. Ukichomwa, lile eneo linatoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita wengine. Kwangua mwiba kwa ukucha, puliza moshi pale pale, endelea. Wakizidi, usiruke. Ita.

Masega yashushwe kwa ndoo, kwa kamba yake yenyewe, iliyopitishwa tawi lingine. Usishuke na ndoo mkononi. Nyuki wakiwa watulivu mwenzako akushushe vilevile. Ikibidi ujishushe mwenyewe, rudisha vitanzi chini kimoja kimoja, ulivyopanda. Usivilazimishe kuteleza kwa kasi ukiwa umevikalia, maana msuguano unaziyeyusha nyuzi.

Na kwa mizinga mipya, mimi sipandi tena wakati wa kurina. Wakati wa kutundika, napitisha kamba nene juu ya tawi, mzinga upande mmoja, upande wa pili nauzungusha shina mara nne na kuufunga. Kipande kinachogusa gome nakivisha mpira wa bomba la maji. Wakati wa kurina, nafungua, naacha mizunguko mitatu, na mtu mmoja anaushusha mzinga wa gogo la mninga uliojaa bila kuungua viganja. Kamba hiyo nabadilisha kila mwaka, kwa kuwa inakaa juani.

Ya kupandia, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, kwani nta na gundi ya nyuki zinafanya vitanzi viteleze. Ianike kivulini. Ipitishe yote vidoleni polepole: ukihisi pamelainika kuliko pengine, pamekuwa pagumu, au gamba limefunguka ukaona kiini cheupe, imekwisha. Usiiache nzima stoo. Ikate vipande vya mita mbili mbili, visimtoshe mtu kupandia, ufungie mbuzi.