Jinsi ya kusoma slaidi ya p53, hatua kwa hatua

Nawaandikia wadogo zangu mlioanza kukaa kwenye hadubini ya patholojia hapa Dar, hasa mnaopokea vinyama vya akina mama wenye uvimbe wa ovari au wa mlango wa kizazi. Kupaka rangi mtajifunza upesi. Kazi iko kwenye kusoma, na kosa ninaloliogopa kuliko yote ni mtu kuona slaidi haina rangi akadhani jeni iko salama.

Kwanza ujue unatafuta nini. p53 ni protini ya jeni ya TP53, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Iligunduliwa mwaka 1979, ikadhaniwa inachochea saratani, hadi mwaka 1989 ilipobainika kwamba kumbe inaizuia. DNA ikijeruhiwa, p53 huiamsha protini ya p21 ili seli iache kugawanyika hadi itengemae. Jeraha likizidi, huamsha protini za PUMA na BAX: mitokondria zinatobolewa, saitokromu c inavuja, na vimeng'enya vya kaspesi vinaichana seli kutokea ndani. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni hii ikiwa imeharibika.

Hatua ya 1: Okoa kinyama. Joto la Dar halisubiri mtu. Kinyama kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 palepale kilipokatwa. Kikikwama kikavu kwenye foleni ya magari ya Barabara ya Mandela, kitafika kimeshaanza kuoza. Fomalini iwe mara 10 ya ukubwa wake, na kikae humo saa 6 hadi 72.

Hatua ya 2: Kata, chemsha, paka. Unene uwe mikroni 3 hadi 4. Kingamwili ya DO-7, inayoishika p53, inatosha. Kahawia ni p53, bluu ni hematoksilini, rangi ya viini vyote.

Hatua ya 3: Anza na majirani wa uvimbe. Tazama limfositi (aina ya chembe nyeupe za damu) na kuta za mishipa midogo ya damu. Baadhi ya viini vyake lazima viwe na kahawia, hata hafifu. Kama hakuna hata kimoja, slaidi imefeli. Rudia, usiisome kabisa.

Hatua ya 4: Sasa soma uvimbe. Hapa usiwe na haraka. p53 nzima haidumu: ndani ya dakika 20 hivi nusu yake imeshavunjwa. Yenyewe ndiyo huagiza protini ya MDM2 itengenezwe, na MDM2 ndiyo huipeleka ikavunjwe. Kwa hiyo jeni ikiwa nzima utaona mchanganyiko: viini vingine vimekolea, vingine hafifu, vingine bluu tupu.

p53 mbovu haiwezi kuagiza MDM2, basi inarundikana kama taka kwenye mtaa usiopitiwa na gari. Utaona karibu viini vyote vya uvimbe vimekolea kahawia. Lakini kuna ubovu mwingine, ambapo protini inakatika kabla haijakamilika. Hapo uvimbe wote ni bluu, huku limfositi za pembeni zina kahawia. Hiyo si habari njema hata kidogo, jeni imepotea. Mara chache, kahawia hukaa kwenye saitoplazimu, nayo ni dalili ya ubovu.

Saratani ya ovari ya aina ya sirasi (serous) ya daraja la juu ina TP53 mbovu karibu kila mara. Ukikuta mchanganyiko wa kawaida, itilie shaka dayagnosisi yako.

Hatua ya 5: Mlango wa kizazi una sheria zake. Kirusi cha HPV hakina haja ya kuharibu jeni. Protini yake ya E6 huipeleka p53 ikavunjwe, na E7 huifunga mikono Rb, protini nyingine inayozuia seli kugawanyika. Slaidi ya p53 inaweza kuonekana ya kawaida na mlinzi hayupo. Paka rangi ya protini ya p16, kwa sababu Rb ikizimwa, p16 hufurika. Tafuta kahawia nzito isiyokatika kuanzia tabaka la chini.

Hatua ya 6: Tafuta seli zilizojiua. Kwenye slaidi ya H&E (rangi za kawaida za hematoksilini na eosini), seli imesinyaa, saitoplazimu nyekundu, kiini kimevunjika kuwa vidonge vyeusi, wala pembeni hakuna usaha. Ukizikuta nyingi usiseme p53 inafanya kazi. Uvimbe unaokua kwa kasi huwa nazo tele.

Hatua ya 7: Andika ripoti. Usiandike "chanya" wala "hasi". Andika mpangilio uliouona, kisha useme kama majirani walishika rangi, ili daktari anayesoma ajue bluu ile ni ya uvimbe au ni ya slaidi iliyofeli.