Matufaa makubwa yasilale stoo

Nimelijua hili baada ya kreti mbili kuniharibikia, nawapa wenzangu wa Njombe na Makete. Siku ya kuchuma, tenga matufaa makubwa kupita kiasi, hasa ya miti michanga au mti uliozaa machache, uyauze wiki hiyohiyo. Stoo weka ya wastani. Tunda likinenepa haraka, kalsiamu yake haitoshi nyama yote, seli zinakufa chini ya ganda. Shambani mara nyingi huoni kitu. Wiki kadhaa baadaye vinatokea vidoa vya kahawia vilivyobonyea, zaidi upande wa mbali na kikonyo, na ukikata unakuta nyama kavu kama sponji, chungu. Si ukungu, kwa hiyo usipoteze hela ya dawa ya ukungu. Mwaka wa ukame, au ukizidisha mbolea ya naitrojeni, mbinu hii inagoma: hata madogo yanapata vidoa. Hapo ilibidi upulizie kloridi ya kalsiamu kwenye matunda yenyewe, mara kadhaa, yakiwa bado yanakua. Kumwaga CAN, mbolea yenye naitrojeni na kalsiamu, shinani hakuokoi. Kalsiamu nyingi inakwenda na maji kwenye majani.