Somo: Kutengeneza stendi ya mbao ya kutundikia shabaha za chuma

Somo hili limeandikwa kwa wanachama wa Mtwara na Lindi wanaomiliki silaha kihalali na kufanyia mazoezi katika uwanja uliokubaliwa na Polisi. Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo asiye na leseni hai hana sababu ya kununua hata ubao mmoja.

Wengi wetu tukisikia neno stendi tunawaza kwenda kwa fundi wa mageti atuchomelee bomba na nondo. Hapo ndipo tunapokosea njia. Risasi ikigonga bomba, ambalo ni la mviringo, vipande vyake huruka upande wowote, hata kumrudia mpigaji, ilhali ikigonga ubao laini hupenya na kuzama kwenye tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha. Stendi inayofaa, basi, ni ile inayokubali kuharibika na ambayo kipande chake kimoja hubadilishwa kwa bei ndogo.

Nunua mbao za paini za inchi mbili kwa nne. Mti wa mkorosho umepinda mno, na mpingo ni mgumu na wa thamani, uachie wachongaji. Kata miguu minne ya mita 1.5 na mtambaa mmoja wa mita 2. Chukua miguu miwili, ipishanishe, kisha toboa tundu moja linalopita katika yote miwili, sentimita 20 kutoka ncha za juu, na uifunge kwa bolti ya milimita 12, ile ambayo nati yake hufunguliwa kwa spana namba 19. Ukiitanua miguu hadi mita moja chini, juu itabaki panda kama ya manati, na mtambaa utalala humo bila msumari wowote, kwenye kimo cha takribani mita 1.2. Fanya vivyo hivyo kwa jozi ya pili, uisimamishe mita 1.4 kutoka ya kwanza, kisha unganisha miguu ya nyuma kwa papi moja ili stendi isiyumbe. Stendi nzima hufunguka na kubebwa juu ya bodaboda, ingawa dereva atalalamika.

Chuma chenyewe ndicho usichokifanyia ubahili. Tumia sahani bapa ya chuma kigumu, kile kinachouzwa kwa jina la AR500, chenye ugumu wa takribani 500 kwa kipimo cha Brinell, na unene wa milimita 10. Duara la kipenyo cha sentimita 30 litakuwa na uzito wa kilo tano na nusu hivi. Chuma cha kawaida hubonyea na kufanya vishimo, na risasi inayofuata ikiingia kwenye kishimo hugeuzwa na kurudi ilikotoka. Juu ya sahani ngumu iliyo bapa, risasi hupasukapasuka na vipande vyake husambaa pembeni, sambamba na uso wa sahani. Agiza sahani ikiwa imeshakatwa na kutobolewa, maana moto wa gesi wa kukatia huondoa ugumu wa chuma pale unapopita.

Sasa tuje kwenye kutundika, ambako ndiko kwenye kazi. Sahani iwe na matundu mawili, yote sentimita 10 juu ya usawa wa kitovu chake. Pitisha katika kila tundu bolti yenye kichwa cha mviringo, kichwa kikiwa upande wa mpigaji. Nyuma ya sahani, vika bolti kipande cha bomba cha sentimita 4, halafu mkanda wa mpira, halafu washa (kile kipete bapa cha chuma) na nati, usiikaze sana. Kwa kuwa mkanda unashika nyuma na uzito uko mbele, sehemu ya chini ya sahani itarudi nyuma na uso wake utainamia ardhini kwa nyuzi 20 hivi, na vipande vingi vitaelekezwa mchangani. Ukitundika kwa mikanda inayoshika juu kabisa bila kipande hicho cha bomba, sahani itasimama wima. Ikague kwa kusimama kando yake kabla hujapiga risasi hata moja.

Mikanda mtafute fundi wa katambuga akukatie, ila mwambie mapema kwamba unataka tairi la nailoni, lisilo na nyaya ndani. Ipitishe juu ya mtambaa na kuifunga kwa nyuma.

Simamisha stendi mita mbili au tatu mbele ya tuta la udongo usio na mawe. Kwa raifo, simama mita 100 au zaidi. Kwa bastola, usisogee chini ya mita 10. Kila aliyepo avae miwani ya kinga na viziba masikio, mtazamaji pia, na asiwepo mtu ubavuni mwa sahani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Huku sahani za plau za trekta zinapatikana, nazo ni ngumu. Je, hazifai?

Jibu: Marahaba. Hazifai, hata ile iliyobaki tangu mpango wa karanga wa Waingereza. Tatizo lake ni umbo: sahani ya plau ina bonde, na bonde hukusanya vipande na kuvirudisha mbele. Ukiigeuza, mgongo wake utavitawanya usikokutarajia.

Mwanachama wa Masasi: Kwa nini tusitumie mnyororo? Mpira si utakatika upesi?

Jibu: Utakatika, na ndivyo tunavyotaka. Risasi hupita kwenye mpira na kuacha tundu, lakini pete ya mnyororo ikigongwa inaweza kuvunjika na kuruka. Beba mikanda ya akiba.

Mwanachama wa Lindi mjini: Nitazitambuaje risasi zisizofaa kwa sahani hizi?

Jibu: Jaribu kwa sumaku. Ikinasa kwenye ncha ya risasi, ndani yake au kwenye ganda jembamba linaloifunika ncha hiyo kuna chuma. Nyingine zina ganda tu la chuma na madini laini ya risasi ndani, lakini kwa kuwa huwezi kutofautisha kwa macho, zote ziweke kando.

Mwanachama wa Mikindani: Naomba kujua kama stendi inaweza kubaki uwanjani mwaka mzima.

Jibu: Mbao ukiziacha chini masika yote, mchwa watakutangulia. Huko kwenu chumvi ya bahari nayo hula nati hadi zigome kufunguka, hivyo zipake grisi na uihifadhi stendi ndani. Sahani haina haja ya kufunikwa: kutu ya juujuu haiidhuru, mradi tu kila mara uipapase uso wake kwa mkono kabla ya kuitundika, na ukihisi kishimo au ukingo uliochanika, iondoe.