Kizazi kimeshuka, na shamba bado linanisubiri

Nilikuwa nimechutama nang'oa karoti, hapa kwetu Lushoto, nikahisi kama nimekalia yai. Chooni nikajipapasa: nyama laini, mviringo, imechungulia mlangoni. Nilinyamaza miezi minne. Ningemwambia nani?

Zahanati, muuguzi aliniuliza nimezaa mara ngapi. Sita, na wa nne alinitesa siku mbili. Akanieleza kwamba kizazi kimeshikwa juu na kano, na chini kinakalia misuli ya nyonga kama mtungi unavyokalia ngata. Ngata ikilegea, mtungi unashuka. Uzazi wa njia ya kawaida huilegeza, hasa ukirudiwa, na ukomo wa hedhi, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na mizigo mizito huongezea. Kushuka huko kuna madaraja manne. Langu la pili, yaani kimefika mlangoni. La nne kimetoka chote.

Nilidhani ataniambia niache shamba. Akaniambia nibadilishe namna ya kulifanya.

Kwanza misuli yenyewe. Jifanye unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, uvute ndani na juu. Makalio yasikaze, tumbo lisisukume, pumzi isizuiwe. Shika hadi uhesabu nane, legeza kwa muda uleule, rudia mara nane. Asubuhi, mchana, usiku. Mimi nilianza kwa kuhesabu tatu tu, na siku za mwanzo nilikuwa nakunja uso bila kufanya lolote huko chini! Sasa navuta nikisubiri maji ya ugali yachemke. Usifanye mazoezi haya wakati unakojoa. Wala usitegemee wiki moja: mimi nilipata nafuu mwezi wa nne. Nyama haijarudi yote, ila ule uzito wa jioni na maumivu ya kiuno vimepungua sana.

Halafu kuinua. Vuta kwanza, ndipo uinue, huku unatoa pumzi. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, vuta vilevile. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, nimeiacha. Nabeba vidumu viwili vya lita tano na kurudi tena. Tenga la kabichi linapanda bodaboda, na hiyo hela siionei uchungu. Kutembea natembea, hata mlimani, ila mikono mitupu. Kutwanga kwenye kinu nimewaachia wanangu wa kiume, wamenuna wakazoea. Mchana nalala chali robo saa, miguu juu ya stuli.

Choo: usikikamue. Papai, maharage, mchicha, maji ya kutosha.

Na mkaja, shoga zangu. Najua mama zetu walitufunga baada ya kujifungua, lakini ukiukaza tumboni unasukuma kila kitu chini. Dawa za kienyeji za kuweka ukeni ndiyo kabisa usijaribu, zinaunguza.

Kama mazoezi hayatoshi, ipo pete ya silikoni inayoingizwa ukeni kushikilia kizazi. Mtaalamu ndiye anayeichagua kwa kipimo chako, na lazima ioshwe na kukaguliwa kwa ratiba atakayokupa. Ikikaa sawa huisikii. Ikiuma, rudi wabadilishe. Upasuaji upo pia, lakini si wa kila mtu, wala si lazima ndio uwe wa kwanza.

Usisubiri kesho mkojo ukigoma kutoka, ukiona damu isiyo ya hedhi, nyama ikifanya kidonda, au ikitoka na kukataa kurudi.

Juzi nimemaliza matuta matatu ya karoti nikiwa kwenye kigoda. Jirani yangu alinicheka: "Mama, umezeeka unalima umekaa?" Jioni akaja mlangoni, akaangalia nyuma kwanza, akaniuliza kwa sauti ya chini ile hesabu ya nane inaanzaje.