Kuzuia kutapika baada ya mofini ya mgongoni kwa mama anayejifungua kwa upasuaji

Mofini ni dawa kali ya maumivu, hapa ikichomwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Mama anayetapika mezani na yule anayetapika wodini saa 6 baadaye hawana tatizo moja. Wa kwanza, mara nyingi presha imeshuka. Wa pili, mofini imefika kwenye ubongo: haipendi mafuta, kwa hiyo hubaki muda mrefu katika maji ya uti wa mgongo na kupanda nayo polepole hadi sehemu inayoamsha kutapika.

Hatua ya 1: hatari. Kwa alama za Apfel, zinazokadiria hatari ya kutapika baada ya upasuaji, mwanamke asiyevuta sigara atakayepewa mofini ana alama 3 kati ya 4 kabla hujamuuliza lolote. Usichague nani apewe kinga, wape wote. Aliyewahi kutapika baada ya upasuaji, au anayetapika safarini, mwangalie kwa karibu zaidi.

Hatua ya 2: kipimo cha mofini. Mikrogramu 100 zinatosha, 150 ndio mwisho. Ukizidisha, maumivu hayapungui sana, ila kutapika na kuwashwa huongezeka. Tumia mofini isiyo na kihifadhi. Kama ampuli ina miligramu 10 kwa mililita 1, ongeza mililita 9 za maji ya chumvi. Chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa bomba jipya, ongeza tena mililita 9. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100. Anayesahau mchanganyo wa pili anampa mama dozi mara 10, na hapo hofu ni pumzi, si kutapika tena. Bandika lebo, mtu wa pili asome kwa sauti.

Hatua ya 3: presha. Anza fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, mara tu baada ya sindano ya mgongo, mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika, mama akiwa ameinamishwa kushoto. Pima kila dakika mpaka mtoto atoke. Namba ya juu ya presha isishuke chini ya asilimia 90 ya ile aliyoanza nayo. Mapigo yakiwa chini ya 60 na presha imeshuka, efedrini, inayopandisha presha na mapigo, miligramu 5 hadi 10 inafaa zaidi. Akisema tu "najisikia vibaya", tibu. Usingoje mashine ipime tena.

Dawa za kukaza mfuko wa uzazi nazo hutapisha: oksitosini itolewe taratibu, ergometrini hutapisha sana. Mwombe daktari ashone mfuko wa uzazi ukiwa ndani, ikiwezekana.

Hatua ya 4: dawa mbili za kuzuia kutapika, za aina tofauti. Kitovu kikishabanwa, toa deksamethasoni miligramu 4 hadi 8 polepole, maana ikisukumwa haraka mama huhisi kuungua sehemu za siri. Huchelewa kufanya kazi, ndiyo sababu inatangulia. Mwenye kisukari apimwe sukari. Upasuaji ukikaribia kwisha, ondansetroni miligramu 4. Haipo? Metoklopramidi miligramu 10 kwa dakika 3 au zaidi. Ikiingia kwa kasi mama huhangaika na kutaka kushuka kitandani.

Hatua ya 5: wodini. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, na diklofenaki kama figo ni salama na havuji damu, ili asihitaji opioidi (dawa za jamii ya mofini) nyingine.

Akitapika, kwanza pima presha na angalia damu inayotoka ukeni. Kama hizo ni sawa, mpe dawa ya aina ambayo hajapata ndani ya saa 6. Promethazini ni ya mwisho, miligramu 6.25 tu, kwa sababu huongeza usingizi juu ya mofini. Hesabu pumzi na angalia usingizi kila saa 2 kwa saa 12 za kwanza, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, ikiwa kwenye trei ya wodi hiyohiyo.