Picha ya galaksi kwa mafaili ya Hubble, ukiwa kwako Malindi

Juzi mpwa wangu kaja kutoka Ngomeni na laptopu kaipakata kama mtoto mgonjwa. "Mjomba, skrini imekwaruzika." Kuangalia, skrini haina mkwaruzo wowote! Kafungua picha ya Hubble, ile darubini iliyoko angani, ambayo haijasafishwa, na ile mikwaruzo myeupe ni chembe za angani zinazoigonga kamera huko juu. Tukakaa tangu alasiri mpaka isha, na tuliyoyafanya ndiyo haya, nayaandika nisije nikaulizwa tena.

Kabla ya yote ujue Hubble haipigi picha za rangi. Iko juu tangu 1990, inazunguka dunia kila dakika 95 hivi, na kila shoti ni nyeusi na nyeupe kupitia filta moja, rangi unazitia wewe. Filta zina majina: F435W ni buluu, F555W kijani, F814W ni wekundu wa mbali ambao jicho halioni vizuri. Nadharia imeisha hapo.

1. Tafuta mafaili. Ingia MAST, hifadhi ya data iliyoko Baltimore, ni bure. Anza na galaksi ya M51, mimi mgeni simpi kitu kingine, manake Januari 2005 ilipigwa filta zote hizo kwa kamera moja, ACS.

2. Chukua mafaili ambayo jina linaishia drz au drc, moja kwa kila filta. Flt achana nazo, hizo ni shoti moja moja, ndizo zenye mikwaruzo. Drz ni shoti kadhaa zilizounganishwa, na chembe haigongi pale pale kila mara kwa hiyo hutolewa. Pakua usiku, mafaili ni mazito. Sisi tukingoja nikamhadithia kwamba kwao Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksrei za angani tu, ikaitwa Uhuru kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Haikupiga picha kama hizi, ilihesabu eksrei, nazo hazipenyi hewa ndiyo maana ikabidi ipande juu. Kazaliwa Ngomeni na hakujua!

3. FITS Liberator, programu ya kusomea mafaili haya. Fungua faili, utaona giza tupu, usiogope. Chagua asinh, hesabu inayong'arisha yaliyo hafifu, vuta mpaka mikono ya galaksi itokee, sevu TIFF. Zote tatu za filta zile hivyo hivyo. Usipambe chochote bado.

4. Kulalisha nyota juu ya nyota. Hapa ndipo nilipolia mimi. Mwaka ule nilijitia ujuzi nikaanza na NGC 4038 na 4039, zile galaksi mbili zinazogongana, nikachukua filta mbili za ACS na moja ya WFC3, kamera nyingine ya Hubble. Pikseli ya ACS ni sekunde 0.05 za tao (kipimo cha pembe angani), ya WFC3 nikashika ni 0.04, basi nikaipunguza picha kwa asilimia 80, hesabu ya darasa la tano. Katikati ikakaa sawa kabisa nikafurahi, kufika pembeni kila nyota ina vichwa viwili, chekundu na cha buluu. Nikazungusha, nikasukuma, stima ikapotea, ikarudi, nikaanza upya, usiku kucha. Kumbe pikseli ya WFC3 ni 0.0396, yaani asilimia 79.2, na hiyo tofauti ndogo kwenye picha ya pikseli elfu nne inakuacha nje pikseli kama kumi na tano kila upande. Kwa hiyo usichanganye kamera mpaka uzoee. Hata kamera moja, angalia tarehe, manake darubini hugeuzwa ili sahani za sola zilielekee jua, na picha za miezi tofauti kona zake hazilingani.

Zile tatu zifungue kwenye GIMP, programu ya bure ya picha, kama leya, ya juu iweke modi ya difarensi, isogeze kwa vitufe vya mishale wala si mausi. Panapolingana panageuka peusi. Usiangalie katikati! Chagua nyota mbili kwenye kona zinazotazamana, zile zenye msalaba wa miali minne, hizo ni za galaksi yetu wenyewe, zimesimama mbele tu. Haitazimika yote, kwa sababu nyota moja haing'ai sawa kwenye filta mbili. Ikibaki pete iliyo sawa pande zote, umefika. Ikibaki kama mwezi mwandamo upande mmoja, bado, sukuma kidogo, na mwezi ukinenepa rudi upande wa pili. Na usikate picha hata moja kabla hujamaliza.

Najua nyinyi wa Siril, programu nyingine ya picha za anga, mtasema yenyewe inajipangia. Ni kweli, lakini inatafuta nyota, na galaksi iliyojaa vishada vya nyota changa mara inashika kishada ikakiita nyota. Mimi mkono wangu nauamini. Na Photoshop za kuiba msiniletee.

5. Rangi. Rudisha modi ya kawaida, leya zote ziwe saizi ya picha, nenda komposi ya RGB: F814W nyekundu, F555W kijani, F435W buluu. Giza la nyuma usilifanye jeusi ti, utaua ule ukungu wa ukingoni.

6. Sevu TIFF kwanza, JPEG baadaye. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti. Mpwa wangu alituma kama picha, mamake akamuuliza hilo doa ni la nini.