Mechi ya mtoano Mtwara: dakika 30 zisiwakute gizani

Kwa anayeandaa kombe la kata hapa Mtwara, cha kwanza kuangalia ni jua. Mwezi Juni linazama saa 12 na dakika chache tu. Piga hesabu: mechi ikianza saa 10:00 jioni, dakika 90, mapumziko na dakika za majeruhi vinakufikisha kama saa 11:50. Ikiwa sare, timu zinapumzika kidogo, kwa kawaida dakika tano, halafu zinacheza vipindi viwili vya dakika 15. Hapo imeshagonga saa 12:25 na matuta, yaani mikwaju ya penati ya kuamua mshindi, bado. Kipa anadaka kwa kubahatisha, na hiyo si haki kwa timu yoyote. Anzeni saa 9:00 alasiri. Jua ni kali, najua, lakini watazamaji watajibanza chini ya mikorosho, na wachezaji wawekewe maji ya kutosha, maana katikati ya muda wa nyongeza wanabadilishana magoli tu na kunywa kwa muda usiozidi dakika moja.

Kanuni zisomwe mbele ya makocha na manahodha wote kabla ya siku ya mechi. Je, sare inakwenda dakika 30 au moja kwa moja kwenye matuta? Je, kuna mchezaji wa akiba wa ziada katika muda wa nyongeza? Sheria za soka zinayaachia mashindano yenyewe yaamue. Lisisitizeni na hili: anayetangulia kufunga hajashinda bado. Bao la dhahabu, yaani la kwanza katika muda wa nyongeza kumaliza mechi papo hapo, lilifutwa mwaka 2004. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina walifunga dakika ya 108, Ufaransa wakasawazisha dakika ya 118.

Ugomvi mkubwa huzuka kwenye matuta. Wanaoruhusiwa kupiga ni waliokuwa mchezoni filimbi ya mwisho inapolia. Aliyeshatolewa kwa mabadiliko harudi kupiga. Timu moja ikibaki na wachezaji kumi kwa sababu ya kadi nyekundu, nyingine nayo inapunguza mmoja, na nahodha anamtaja kwa refa. Kadi ya njano ya ndani ya mchezo haihamii huku.

Mwisho, bakizeni chokaa kwenye ndoo. Baada ya dakika 120 alama ya penati inakuwa mchanga mtupu, kwa hiyo pimeni upya mita 11 kutoka mstari wa goli, manahodha wote wawili wakiona.